Leza Itangulie, Matone Yafuate

Nina famasi ndogo Same mjini, karibu na stendi ya mabasi, na kati ya dawa ninazouza kila wiki ni timololi, matone ya presha ya macho. Ninachoomba hapa, kikitimizwa, kitapunguza mauzo yangu. Naomba mgonjwa anayegunduliwa leo kuwa na presha ya macho apewe leza kwanza, kabla ya kukabidhiwa chupa ya matone ya kutumia maisha yake yote. Isiwe tiba ya mtu aliyekwisha kushindwa na dawa, wala ya mwenye uwezo wa kusafiri kwenda India. Iwe ya kila mtu ambaye jicho lake linaifaa, na ipatikane karibu na anapoishi.

Nasema hivi kwa sababu ya ninayoyaona nikiwa nimesimama nyuma ya kaunta.

Kuna mzee anayeshuka kutoka Myamba, mkulima wa tangawizi. Hununua chupa anapouza mzigo. Bei ya tangawizi ikianguka, simwoni. Safari moja alikaa muda mrefu sana bila kuja, na alipofika nilimwamkia kisha nikamuuliza alikuwa anatumia nini siku zote hizo. "Mwanangu, macho hayakuniuma," alinijibu, "nikaona nilipe vibarua kwanza." Ningemlaumu kwa lipi? Alikuwa amepanga matumizi kama mtu yeyote mwenye akili anavyopanga: kinachouma kitangulie, kisichouma kisubiri. Na presha ya macho, ile aina inayowapata wengi wetu, haiumi. Haiwashi wala haitoi machozi. Inakula uwezo wa kuona kutoka pembeni, polepole, na jicho zima hulifichia lile bovu mpaka siku mtu atakapolifumba zima kwa bahati na kukuta giza.

Kuna mume na mke wanaotumia chupa moja, ingawa aliyepimwa hospitali ni mke peke yake. Mume anasema naye haoni vizuri jioni, basi anajidondoshea. Nimemsihi akapimwe, maana huenda ana mtoto wa jicho, ugonjwa ambao matone haya hayautibu hata kidogo. Yupo bibi ambaye mkono unamtetemeka. Tone linatua shavuni, lingine kwenye nyusi. Mjukuu ndiye aliyekuwa akimtilia, lakini mjukuu amekwenda shule ya bweni. Chupa ya bibi sasa inadumu muda mrefu kuliko inavyopaswa, na mtu wa famasi akiona chupa inadumu hivyo anajua dawa haiingii jichoni.

Halafu alikuja baba mmoja na cheti cha timololi, na mfuko wa shati lake umetuna kwa kopo la pumu. Nilikataa kumpa. Timololi ni jamaa ya dawa za moyo zile zinazopunguza mapigo, na ingawa inatiwa jichoni, sehemu yake hupita kwenye tundu la machozi hadi puani na kuingia katika damu. Kwa mwenye pumu inaweza kubana njia za hewa mpaka akashindwa kupumua. Nilimwandikia barua fupi arudi nayo kwa daktari abadilishiwe. Aliipokea kwa upole, lakini niliona usoni mwake anahesabu nauli.

Tupige hesabu ya kawaida. Timololi hutiwa asubuhi na jioni, macho mawili, hivyo ni matone manne kwa siku. Kwa mwaka ni matone 1,460. Mtu aliyegunduliwa akiwa na miaka 50 na akajaliwa kufika 70 atadondosha matone 29,200, kila moja kwa wakati wake, bila kukosa msimu wa njaa, msiba, ada za watoto wala safari. Chupa ya mililita 5 inakwisha kwa takribani mwezi mmoja ikiwa inatumika sawasawa. Yapo matone mengine, ya latanoprosti, ambayo hutiwa mara moja tu usiku na hushusha presha vizuri zaidi, lakini bei yake ni ya juu na chupa ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye friji. Nikimpa mtu wa kijijini, Vudee au Chome, dawa hiyo, nampa na swali la friji.

Sisemi matone ni mabaya. Yamewaokoa watu wengi macho, na nitaendelea kuyauza. Nasema tumeijenga tiba yetu yote juu ya kitu ambacho kinadai mfuko usiokauka na mkono usiotetemeka, kisha mgonjwa anapopofuka tunasema hakufuata masharti.

Ndani ya jicho, sehemu ya mbele, kuna maji safi yanayotengenezwa mchana na usiku. Maji hayo hayahusiani na machozi. Hulisha jicho na kulipa umbo, kisha hutoka kupitia kichujio kidogo sana kilichopo pembeni kabisa, pale sehemu yenye rangi inapokutana na kioo cha mbele. Kichujio hicho kikianza kuziba, kama chujio la chai lililoshika masalia, maji hutoka kwa shida na presha inapanda. Jicho la kawaida huwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Presha ikizidi uwezo wa jicho husika, inaiumiza neva iliyo nyuma, ile inayopeleka picha kwenye ubongo. Neva hiyo ina nyuzi zaidi ya milioni moja. Uzi ukifa haufufuki, na hapo ndipo ugonjwa huu unapotofautiana na mtoto wa jicho, ambaye ukimtoa mtu anaona tena. Duniani kote, hakuna ugonjwa unaoongoza kwa upofu usiorudishika kuliko huu. Na sisi watu wenye asili ya Afrika unatupata kwa wingi zaidi na tukiwa na umri mdogo zaidi. Utafiti uliofanyika Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, ulikuta takribani watu 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea wakiwa nao.

Leza ninayoizungumzia inakilenga kichujio chenyewe. Mgonjwa anaketi kwenye kiti, kidevu juu ya kishikio, paji la uso mbele, kama anavyokaa akipimwa macho siku zote. Anatiwa tone la ganzi. Daktari anaweka kioo kidogo chenye jeli juu ya jicho ili aione ile pembe iliyojificha penye kichujio, kisha anapiga miale ya kijani, kila mmoja ukidumu sehemu chache sana za bilioni za sekunde, nanosekunde 3. Hupiga kama 100 kuzunguka kichujio chote. Kazi ya jicho moja inachukua dakika chache. Hakuna kisu, uzi wala kulazwa, na mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo, jicho likiwa na uwekundu au ukungu kidogo unaopita.

Watu wengi huniuliza kaunta: "Dokta, si itanichoma jicho?" Leza za zamani zilichoma kweli. Mwaka 1960 Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko Marekani, na mwaka 1973 Mikhail Krasnov wa Moscow akachapisha jaribio lake la kuielekeza kwenye pembe ya jicho lenye presha. Mwaka 1979 Wise na Witter, Wamarekani, walionyesha kuwa leza ya agoni inashusha presha, lakini ile iliacha makovu madogo kwenye kichujio, kwa hiyo haikuweza kurudiwa ovyo. Aliyeleta mabadiliko ni Mark Latina, katika miaka ya 1990. Mwale wa leza yake, ndiyo hii ninayoizungumzia, ni mfupi mno hata joto halipati muda wa kusambaa. Unapokelewa na chembe zenye rangi nyeusi tu, na zile za jirani zinabaki salama. Mwili wenyewe unaitikia kwa kukisafisha kichujio. Marekani iliipitisha mwaka 2001. Kwa kuwa haiachi kovu, nguvu yake ikipungua inaweza kupigwa tena.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya nisikae kimya. Ushahidi mkubwa kwamba leza hii inawafaa Waafrika haukutoka Ulaya. Ulitoka hospitali ya KCMC, Moshi, kama kilomita 100 kutoka hapa nilipo. Dokta Heiko Philippin na wenzake waliwaandikisha wagonjwa kati ya mwaka 2015 na 2017, watu 201 wenye macho 382 yenye presha ya juu. Wakagawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakapewa timololi ya asilimia 0.5, dawa ileile iliyo kwenye rafu yangu, na nusu wakapigwa leza. Wengi wao hawakuwa wagonjwa wepesi. Walifika kama wagonjwa wetu wanavyofika siku zote, ugonjwa umekwenda mbali.

Baada ya mwaka mmoja wakapimwa. Katika kundi la matone, macho yaliyofikia presha iliyokusudiwa yalikuwa 55 kati ya 176, yaani asilimia 31. Katika kundi la leza yalikuwa 99 kati ya 163, asilimia 61. Karibu mara mbili. Theluthi ya macho yaliyofanikiwa kwa leza yalihitaji kurudiwa mara ya pili. Na wale wa matone, presha yao ilipogoma kushuka, walikalishwa tena na kuelekezwa namna ya kutumia dawa. Madhara hayakutofautiana sana kati ya makundi hayo mawili. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet Global Health mwaka 2021.

Naomba msomaji aitazame tena hiyo asilimia 31. Hao walikuwa watu ndani ya utafiti, wenye wahudumu wanaowafuatilia na kuwaelekeza. Mzee wangu wa Myamba hana mtu wa kumfuatilia ila mimi, nami namwona anapouza tangawizi.

Uingereza nao walifanya utafiti wao, ukiongozwa na Gus Gazzard wa hospitali ya macho ya Moorfields, London, wakiwa na wagonjwa 718. Ulichapishwa mwaka 2019. Baada ya miaka mitatu, asilimia 74 ya walioanza na leza presha yao ilikuwa imetulia bila kutumia tone lolote. Walioanza na matone, 11 walilazimika kufanyiwa upasuaji wa kisu katika kipindi hicho; walioanza na leza, hakuna hata mmoja. Mwaka 2022 mwongozo wa tiba wa Uingereza ulibadilishwa, leza ikawekwa ya kwanza. Waingereza wana famasi kila mtaa na dawa wanapata kwa urahisi kuliko sisi, na bado waliona afadhali waanze na leza. Sisi ambao shida yetu kubwa ni dawa kukosekana na kukatizwa tulikuwa na sababu mara kumi ya kutangulia, na jibu lilikuwa tayari mikononi mwetu, Moshi.

Shangazi yangu anayeishi Hedaru alipigwa leza. Jicho la kulia presha ilishuka na kutulia, na hilo halitiwi chochote. La kushoto lilishuka kidogo, halikufika panapotakiwa, kwa hiyo bado anatumia matone jicho hilo moja. Nalisema hili wazi ili mtu asije akadhani nauza muujiza. Leza haimfai kila mgonjwa. Jicho ambalo pembe yake imefunga linahitaji leza ya namna nyingine, ya kutoboa tundu dogo kwenye sehemu yenye rangi ili maji yapate njia. Jicho ambalo presha yake imetokana na uvimbe wa ndani, au na mishipa mipya ya damu inayoota kwa sababu ya kisukari, nalo hupewa tiba tofauti. Na yapo macho yaliyofikia hali ambayo upasuaji wa kufungua njia mpya ya maji ndio pekee unaoweza kuyaokoa. Mgonjwa akiambiwa hivyo asiogope, akubali. Wengi hukataa kwa sababu wanaambiwa ukweli kwamba baada ya upasuaji hawataona vizuri zaidi ya walivyokuwa. Mtu anauliza, sasa nikatwe jicho ili nipate nini? Atapata kuendelea kukiona kile anachokiona leo. Ni vigumu kumwambia hivyo mtu aliyetoa ng'ombe kwa ajili ya matibabu, na nawaheshimu sana madaktari na wauguzi wanaolibeba zungumzo hilo kila siku ya kliniki.

Kwa leza zungumzo ni jepesi zaidi. Hakuna kukatwa. Hata mwoga anakubali kuketi kwenye kiti dakika chache.

Najua jibu nitakalopewa: mashine ni ghali, mafundi hawapo, umeme unakatika. Ghali ni kweli. Lakini ukiacha tone la ganzi na jeli, mashine ya leza haitumii dawa wala vifaa vya kutupa vya maana. Ikishanunuliwa, gharama yake inagawanyika kwa kila mgonjwa anayeketi mbele yake, na mchana mmoja unatosha kuhudumia watu wengi. Matone hayagawanyiki hivyo. Kila mgonjwa mpya ni chupa nyingine kila mwezi mpaka afe, nyingi zikiagizwa kwa fedha za kigeni, na upofu wake ukija unaongeza mtoto au mjukuu anayeacha shule ili amshike mkono. Nimemwona mtoto wa namna hiyo akiwa amesimama mlangoni kwangu wakati wa masomo, fimbo ya babu yake mkononi. Gharama hiyo haipo katika bajeti ya wizara yoyote.

Kuhusu umbali, si lazima kila hospitali ya wilaya iwe na mashine. Tuna desturi nzuri ya kambi za mtoto wa jicho: tangazo linatolewa msikitini, kanisani na kwenye redio, watu wanakusanyika siku fulani, madaktari wanafika. Mashine za leza zinazosafirishika zipo. Mkoa mmoja ungeweza kuwa na mashine yake katika hospitali ya rufaa, na ikawa na siku inazokwenda Same, Mwanga, Rombo, Hai. Wagonjwa wangeandikwa kabla, pamoja na ndugu zao. Hao ndugu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ugonjwa huu unatembea katika damu. Aliyezaliwa tumbo moja na mgonjwa ana hatari kubwa mara kadhaa kuliko mtu mwingine, na leza inafaa zaidi inapomkuta mtu mapema. Siku hizi mtu akinunua timololi kwangu namuuliza kama ana pumu, kisha namuuliza ana kaka na dada wangapi na kama wamepimwa. Nawaomba wenye famasi wenzangu nchini wafanye hivyo pia. Ni maswali mawili, na la kwanza linaweza kuokoa uhai.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wanaoandika vifurushi vya bima hiyo wanajua kuhesabu, kwa hiyo nawaomba wahesabu pande zote mbili: miaka 20 ya chupa kwa upande mmoja, na leza mbili au tatu kwa upande mwingine. Kisha waitaje leza ya presha ya macho kwa jina katika kifurushi cha msingi, isiachwe katika orodha ya huduma za ziada ambazo mkulima wa Myamba hatazifikia kamwe. Na Wizara ya Afya iiweke katika mwongozo wake wa tiba kama chaguo la kuanzia kwa jicho linaloifaa, ili daktari kijana aliyepangiwa kituo cha mbali asilazimike kuandika matone kwa sababu tu ndivyo alivyofundishwa.

Jambo moja zaidi lisisahauliwe katika mipango hiyo. Nguvu ya leza hupungua. Kwa baadhi ya watu ni baada ya mwaka, kwa wengine miaka mitano, na kwa kuwa ugonjwa hauumi, hakuna dalili itakayomwambia mtu kwamba presha imepanda tena. Aliyepigwa leza Moshi anahitaji mtu wa kumpima karibu na nyumbani kwake, mara kwa mara, kwa kifaa kinachoshikwa mkononi ambacho muuguzi wa macho anaweza kufundishwa kukitumia. Kwa hiyo bajeti itakayonunua mashine za mikoa inunue na vipimo hivyo vya wilaya, katika mwaka uleule wa fedha, na iajiri wauguzi wa kuvitumia.